Kuna chembe inayoupita mwanga? Tuongelee takioni kwa kirefu

Kila nikiandika kitu kuhusu mwanga humu lazima mtu aje na swali lilelile, hivi kweli hamna chembe yoyote inayoweza kuupita mwanga? Na kabla sijajibu tayari kuna mwingine kashajibu, Einstein alikataza, kwisha habari. Hilo jibu huwa linanisumbua. Ni kweli kwenye makala yake ya 1905 Einstein aliandika kwamba spidi zinazozidi ya mwanga haziwezekani, hilo sikatai, ila ukizichukua hesabu zake zenyewe ukazisoma taratibu utaona zinasema kitu kidogo kuliko hicho. Zinasema kitu chenye masi ya kawaida, kikianza chini ya spidi ya mwanga, hakiwezi kuifikia. Basi. Kuhusu kitu ambacho hakijawahi kuwa chini ya hiyo spidi hata siku moja, hesabu zinanyamaza. Na kwenye huo unyamavu ndo kuna watu makini wamefanya kazi zaidi ya miaka sitini, kwa iyo leo nataka tuongee vizuri kuhusu takioni, yaani chembe za kudhaniwa tu ambazo zingeupita mwanga, itakuwa ndefu mniwie radhi.

Tuanze na upande tunaoujua. Spidi ya mwanga kwenye ombwe, ambayo huandikwa c, ni mita 299,792,458 kwa sekunde, na toka 1983 hiyo haipimwi tena kwa sababu mita yenyewe inatafsiriwa kutokana nayo. Fomula ya nishati ya kitu kinachotembea ni mc² juu, chini ya mstari kuna kipeuo cha pili cha 1 toa v²/c² (m ni masi ya kitu, v ni spidi yake). Spidi inavyokaribia c ile namba ya chini inakaribia sifuri, kwa iyo nishati inayohitajika inapanda bila kikomo. Hii sio nadharia ya kwenye makaratasi tu jamani. Bwana mmoja Marekani, William Bertozzi, alichapisha mwaka 1964 jaribio ambalo mi nalipenda sana kwa sababu ni rahisi mpaka basi: unarusha elektroni, unapima zinatumia muda gani kupita umbali wa mita nane na kitu, alafu mwisho wa njia unaweka kipande cha alumini unapima kimepata joto kiasi gani, ili mtu asije akasema elektroni hazikuwa na hiyo nishati kweli. Kwenye nishati ya juu kabisa aliyotumia, ya MeV 15 (eV ni kipimo kidogo cha nishati ya chembe, MeV ni milioni yake na GeV ni bilioni), fizikia ya Newton ingekwambia zinakimbia zaidi ya mara saba ya mwanga. Joto lilikuwepo kama ilivyotegemewa. Spidi ikagota palepale kwenye c. Leo pale CERN, maabara kubwa ya chembe karibu na Geneva, protoni zinazunguka kwenye duara la kilomita 27 zikiwa nyuma ya mwanga kwa takriban mita 3 tu kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na hizo mita 3 hazijawahi kuisha pamoja na umeme wote ule.

Sasa mwaka 1962 watu watatu, Bilaniuk, Deshpande na Sudarshan, wakauliza swali ambalo ukilisikia unashangaa kwa nini halikuulizwa mapema: je kama chembe inazaliwa tayari iko juu ya c? Hata fotoni, yaani chembe ya mwanga, haijawahi kuongezewa spidi toka sifuri mpaka c, inazaliwa ikiwa na c na inakufa ikiwa na c. Kwa nini basi kusiwe na kundi la tatu, linalozaliwa upande wa pili wa ukuta na kuishi hukohuko? Mwaka 1967 Gerald Feinberg wa Chuo Kikuu cha Columbia akazipa hizo chembe jina la takioni, na jina likakaa.

Ukiingiza v kubwa kuliko c kwenye ile fomula, chini ya kipeuo unapata namba hasi, na kipeuo cha namba hasi ni namba ya kufikirika, yaani ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata hasi. Ili nishati itoke namba ya kawaida inabidi masi nayo iwe ya kufikirika. Watu wengi wakifika hapa wanacheka wanasema si ndo hivyo, upuuzi. Lakini subiri, masi unayoweza kuiweka kwenye mizani ni ya kitu kilichotulia, na takioni haitulii kamwe, hamna mtu yeyote kwa mwendo wowote atakayeiona imesimama, kwa iyo hiyo masi ya kufikirika hamna mahali utaipima moja kwa moja. Kinachopimika ni nishati na momenta (msukumo wa kitu kinachotembea), na hizo zinatoka za kawaida kabisa. Alafu tabia zake zinageuka kichwa chini miguu juu: ukiipa takioni nishati inapunguza mwendo, ukiinyang'anya inaongeza, na ikibaki na nishati sifuri spidi yake inakuwa haina mwisho. Na kwake yeye c ni sakafu, haiwezi kushuka ikaifikia kama sisi tusivyoweza kupanda. Mi naona huu ni uzuri wa kweli wa hesabu, sijali kama vitu vyenyewe vipo au havipo.

Na walizitafuta, sio kwamba waliishia kuandika. Ukitaka kuelewa walizitafuta vipi inabidi ujue kitu kinaitwa mionzi ya Cherenkov, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi shuleni: chembe zinazoupita mwanga zipo, kila siku, ila ndani ya maji, ndani ya kioo, hata ndani ya hewa. Mwanga ukiingia majini unashuka mpaka kama kilomita 225,000 kwa sekunde, na elektroni yenye nishati ya kutosha inaweza kuupita humo bila kuvunja sheria yoyote, kwa sababu kikomo ni c ya kwenye ombwe. Ikifanya hivyo inaacha nyuma yake mwanga wa bluu, sawasawa na boti inayokwenda kasi kuliko mawimbi yake yenyewe inavyoacha ile mikia miwili ya mawimbi nyuma. Pavel Cherenkov aliuchunguza mwanga huo mwaka 1934, Frank na Tamm wakaueleza kwa hesabu, na wote watatu wakapewa Nobel 1958. Reakta za nyuklia za utafiti za aina ya TRIGA, kama zile za Kinshasa (ya kwanza kule iliwashwa 1959, na ndo ilikuwa ya kwanza Afrika nzima), maji yake yanang'aa bluu zikiwashwa kwa sababu hiyohiyo. Na kule Namibia kuna darubini za H.E.S.S. ambazo kazi yake ni kukamata mimuliko ya Cherenkov hewani, inayodumu nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) chache tu, pale miale ya gamma toka anga za mbali inapogonga angahewa letu.

Sasa takioni yenye chaji ya umeme ingetakiwa itoe mwanga huo hata kwenye ombwe tupu, kwa sababu inaupita mwanga popote pale. Kwa iyo mtego ni rahisi: tengeneza ombwe, weka karibu kitu chenye mionzi, angalia kama kuna mmuliko pasipotakiwa kuwa na mmuliko. Alväger na Kreisler walifanya hivyo wakachapisha 1968. Hamna kitu. Mwaka 1974 Clay na Crouch wa Adelaide, Australia, wakaripoti kwenye jarida la Nature kwamba wameona ishara zinazotangulia mvua ya chembe za miale ya anga (chembe nyingi zinazozaliwa miale hiyo ikigonga angahewa) kabla mvua yenyewe haijafika, kama vile kuna kitu kimeitangulia. Watu wakasisimka, wengine wakarudia kupima kwa vifaa vyao, na ile ishara haikuonekana tena.

(Hapa niweke neno moja kwa uchungu. Kuna watu wanauza bangili, maji na vipande vya vioo eti vimetiwa nguvu ya takioni, vinatibu mgongo sijui na presha. Chembe ambayo hakuna maabara duniani imewahi kuiona hata moja haiwezi kuwa imetiwa kwenye chupa. Mzazi wako akiletewa hiyo kitu mwambie hela akanunulie dawa alizoandikiwa hospitali.)

Haya, sasa tuje kwenye ile habari iliyoitikisa dunia, 23 Septemba 2011. Wengi mnaikumbuka kwa kichwa cha habari tu, Einstein amekosea, lakini kilichofanyika ndani yake kinastahili kusimuliwa taratibu.

CERN ilikuwa inarusha neutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, toka karibu na Geneva kuelekea maabara ya Gran Sasso Italia, umbali wa kama kilomita 730. Hakuna handaki kati yao, neutrino zinapita kwenye mwamba wenyewe wa dunia kana kwamba haupo, na kule mwisho chini ya mlima wenye mita 1,400 za mawe juu yake kuna mtambo unaitwa OPERA, wenye matofali ya risasi yaliyopangwa na filamu za picha, kama 150,000 hivi. Mtambo haukujengwa kupima spidi. Ulijengwa kuona neutrino za aina moja zikigeuka kuwa za aina nyingine. Kupima spidi walifanya kwa sababu uwezo wa kupima ulikuwepo. Safari nzima inachukua milisekunde 2.4 hivi, na walipochambua neutrino kama elfu kumi na tano walizokusanya toka 2009 wakakuta zinafika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga ungefika. Nanosekunde 60 ni mwanga kwenda mita 18 tu. Lakini kama ni kweli, fizikia ya miaka mia moja inabidi ikae chini.

Nachowaheshimu nacho wale watu ni kiasi walichojikagua. Umbali waliupima kwa GPS mpaka ndani ya sentimita 20. Waliona hadi jinsi tetemeko la L'Aquila la Aprili 2009 lilivyousogeza mlima kwa sentimita 7. Walipopewa changamoto kwamba labda tatizo ni urefu wa mapigo ya neutrino wanayorusha, maana kila pigo lilikuwa refu na huwezi jua neutrino fulani imetoka mwanzo wa pigo au mwisho, CERN ikarusha mapigo mafupi ya nanosekunde 3 hivi, wakapata neutrino 20 tu, na zote bado zikasema zilezile, kama 60 mapema. Na kwenye tangazo lao hawakusema Einstein kakosea, walisema tumepata kitu hatujaweza kukielezea, tusaidieni kutafuta.

Siku chache baada ya tangazo hilo la Septemba, wanafizikia Andrew Cohen na Sheldon Glashow walitoa hoja nzito ambayo naona haikupewa nafasi kwenye magazeti: neutrino inayokwenda kasi hiyo ingekuwa inamwaga nishati njiani kwa kutoa jozi za elektroni na positroni (elektroni zenye chaji chanya), ndugu wa ule mwanga wa Cherenkov, kwa iyo zile zenye nishati kubwa zisingefika Gran Sasso zikiwa na nishati yake. Na zilikuwa zinafika nayo.

Alafu kuna ushahidi ambao ulikuwepo toka zamani. Tarehe 23 Februari 1987 neutrino toka kwenye nyota iliyolipuka kwenye galaksi jirani, Wingu Kubwa la Magellan, zilifika duniani. Mitambo ya Kamiokande Japani, IMB Marekani na Baksan Urusi ilizinasa, jumla kama dazeni mbili. Mlipuko wenyewe uko miaka ya nuru 168,000 hivi. Neutrino zilitangulia mwanga kwa masaa kama matatu, na hilo linaeleweka, zenyewe zinatoka kwenye kiini cha nyota palepale kinapoporomoka wakati mwanga inabidi usubiri wimbi la mlipuko litoboe mpaka juu. Sasa chukua tofauti ya OPERA, sehemu mbili na nusu hivi kwa laki moja, zidisha na miaka 168,000. Unapata miaka minne na kitu. Yaani neutrino zingetakiwa kufika karibu na 1983, sio masaa matatu kabla. Ni kweli zile za nyota zilikuwa na nishati ndogo sana kuliko za CERN na kuna waliojaribu kupitia hapo, lakini kwa mtu yeyote aliyefanya hiyo hesabu ya kuzidisha, matumaini yalipungua sana.

Februari 2012 chanzo kikajulikana. Kebo ya faiba iliyokuwa inaleta saa ya GPS toka juu ya ardhi, zaidi ya kilomita 8 mpaka kwenye mtambo, koneksheni yake haikuwa imebana vizuri. Mwanga mdogo ukawa unapita, kifaa cha kupokea kikawa kinachelewa kushtuka kwa nanosekunde 70 na kitu, saa ya chini ikawa nyuma, na chochote kinachofika kikaonekana kimewahi. Kulikuwa na tatizo la pili kwenye saa lililokuwa linavuta upande mwingine, ndo maana jumla ikawa 60. Na uthibitisho ulitoka mahali pazuri sana: mle mle Gran Sasso kuna mtambo mwingine, LVD, na mara mojamoja chembe za muoni (ndugu wazito wa elektroni) toka angani zinapita kwenye mitambo yote miwili kwa mstari mmoja. Wakafukua rekodi za miaka, wakalinganisha saa za pande zote, wakakuta saa ya OPERA ilihama toka katikati ya 2008 ikakaa hivyo mpaka mwisho wa 2011. Machi 2012 mtambo wa jirani ICARUS nao ukapima neutrino za CERN, zikawa na spidi ya mwanga kama kawaida. Viongozi wawili wa OPERA wakaachia nafasi zao mwisho wa mwezi huo. Mi naona walionewa, lakini hayo ni mambo ya ndani ya kundi lao.

Kwa iyo jaribio limefeli, lakini hilo pekee haliui takioni. Kinachonifanya mi nisiamini ni kingine kabisa, nacho ni huu mpangilio wa sababu na tokeo. Twende na mfano, shika kalamu kama unaweza.

Asha yuko duniani, Juma yuko kwenye chombo kinachoondoka kwa asilimia 80 ya spidi ya mwanga. Walipoachana walianzisha saa zao pamoja. Tuseme wote wana simu ya takioni, ujumbe unafika papo hapo. Saa ya Asha inafika 10 anamtumia Juma ujumbe. Kwa mwendo huo saa ya Juma inatembea kwa 0.6 ya saa ya Asha, kwa iyo Juma anaupokea saa yake ikisoma 6. Anajibu palepale. Lakini palepale ya nani? Simu ya Juma inatuma papo hapo kwa hesabu ya Juma, na kwa Juma anayetembea ni Asha, kwa iyo saa ya Asha ndo inayokwenda kwa 0.6. Sita mara 0.6 ni 3.6. Jibu linafika kwa Asha saa yake ikisoma 3 na dakika 36, yaani zaidi ya masaa sita kabla hajatuma alichojibiwa. Sasa kama jibu la Juma lilisema usitume ujumbe, na Asha akatii, Juma alijibu nini?

Hakuna ujanja wa saa hapa, ni relativiti ileile ya Einstein ambayo imepimwa kila namna. Na haihitaji spidi isiyo na mwisho, kwa spidi yoyote inayozidi c unaweza kupanga vyombo vyako ukapata duara hilo. Benford, Book na Newcomb waliliandikia makala kamili mwaka 1970. Feinberg na Sudarshan walikuwa na utetezi, kwamba takioni inayoonekana inarudi nyuma ya wakati ikiwa na nishati hasi unaweza kuisoma upya kama takioni inayokwenda mbele ikiwa na nishati chanya, ni suala tu la nani anaitwa mtumaji na nani mpokeaji. Ni hoja nzuri na inafanya kazi kwa chembe mojamoja. Ila mtu akiweza kuzitawala na kuandika ujumbe nazo, huwezi kumwambia Asha kwamba yeye ndo kapokea barua aliyoiandika kwa mkono wake.

Ndo maana nasema unachagua mawili kati ya matatu: relativiti, sababu kutangulia tokeo, na ujumbe unaoupita mwanga. Mi naacha la tatu, na sijutii.

Kuna msumari mwingine toka kwenye fizikia ya kwanta, na huu unanifurahisha kwa sababu unaonyesha masi ya kufikirika haikutupwa jalalani. Kwenye nadharia za kisasa chembe ni mtikisiko wa kitu kinachojaa kila mahali, wanakiita uga. Uga wenye masi ya kufikirika ukiufanyia hesabu vizuri hautoi chembe zinazoupita mwanga, unatoa uga usiotulia, unaporomoka toka sifuri mpaka upate thamani mpya ya kukaa, na ukishakaa chembe zake zinakuwa na masi ya kawaida na zinaheshimu c. Na hata wakati unaporomoka taarifa haziendi haraka kuliko mwanga. Uga wa Higgs, ule unaozipa chembe masi, uliopendekezwa 1964 umeandikwa hivyohivyo, masi yake kipeo cha pili imewekwa hasi makusudi. Chembe yake ilitangazwa CERN tarehe 4 Julai 2012, ina kama GeV 125, na wala ulikuwa haujapita hata mwezi toka OPERA watoe matokeo yao yaliyosahihishwa kule Kyoto tarehe 8 Juni.

Kabla hamjaniuliza: ile habari ya chembe mbili za kwanta kuhisiana toka mbali haibebi ujumbe, galaksi za mbali zinazoondoka haraka kuliko mwanga ni nafasi inayotanuka katikati yetu, na yale mafumuko ya gesi toka kwenye galaksi kama M87 yanayoonekana kwenda mara kadhaa ya mwanga ni suala la pembe, yanakuja karibu upande wetu, Martin Rees alilitabiri hilo 1966.

Kitu pekee ambacho bado nakiangalia kwa karibu ni neutrino. Miaka ya 80 na 90 majaribio kadhaa ya tritiamu (haidrojeni yenye mionzi, inayotumika kupima masi ya neutrino) yalikuwa yanatoa masi kipeo cha pili upande wa hasi, na mwaka 1985 Chodos na wenzake wakaandika kwa uwazi kwamba labda neutrino ndo takioni. Vifaa vilivyoboreshwa vimeirudisha namba hiyo karibu na sifuri, na watafiti wa jaribio la KATRIN kule Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 2022 walitangaza kwamba masi ya neutrino haizidi eV 0.8. Na kuna kipimo kitakachokuja chenyewe bila mtu kujenga kebo: nyota ikilipuka ndani ya galaksi yetu hii, Super-Kamiokande, mrithi wa ule mtambo wa Japani, peke yake itanasa neutrino kwa maelfu, za nishati mbalimbali. Takioni yenye nishati ndogo inatakiwa iende haraka kuliko yenye nishati kubwa, kinyume cha chembe zote tunazozijua. Kwa iyo utaangalia tu orodha ya nani kafika kwanza. Zikitangulia zile dhaifu, mi nitakuwa wa kwanza kuja kuandika humu kwamba niliyoyasema kuhusu Asha na Juma yanahitaji kufikiriwa upya.